Maswali yenu: sanduku la taarifa za hatari liko tupu

Nasimamia karakana ya vyuma yenye mafundi 60. Tuliweka sanduku la kuripoti hatari mlangoni. Kwa miezi minane zimeingia karatasi tatu, moja ikilalamikia chai. Je, nimtake kila fundi alete taarifa moja kwa mwezi?

Hapana. Utapata karatasi 60, nyingi zikiwa zimeandikwa siku ya mwisho: "sakafu chafu", "taa hafifu". Diski ya grenda (mashine ya mkono ya kukata na kusaga chuma) iliyopasuka na kumpita mtu sikioni itabaki siri, kwa kuwa aliyeishika alikuwa ameondoa kinga na hajui utamfanya nini.

Anza na zile karatasi mbili nyingine. Zilijibiwa? Aliyeandika alijulishwa? Sanduku huwa linafia hapo: mtu anaandika, anangoja, anaona kimya, anawaambia wenzake wasijisumbue. Hata ile ya chai usiidharau. Huenda mwenyewe alikuwa anakupima.

Fomu iwe nusu ukurasa: wapi, lini, nini kilitokea au kingeweza kutokea, na hatua gani ya muda imechukuliwa. Usiulize "nani alikosea"; swali hilo moja linatosha kuiua fomu nzima. Asiyependa kuandika aseme kwa mdomo, mkuu wa zamu aandike palepale na kumsomea. Mtoa taarifa apate jibu kabla zamu yake inayofuata haijaisha, hata likiwa "tumeipata, fundi umeme ataangalia Alhamisi". Jambo linaloweza kuua haliingojei fomu: mashine izimwe kwanza, karatasi baadaye.

Bandika ubao unaoonyesha tatizo, anayelishughulikia, tarehe ya kumaliza na lilipofikia. Jina la mtoa taarifa lisiwepo. Fedha zikikosekana, andika hivyo hivyo, pamoja na kinga ya muda mliyoweka. Watu huvumilia "bado" yenye sababu. Wiki za mwanzo maliza haraka yaliyo madogo: waya uliochubuka, balbu iliyoungua, bati la sakafu lililoinuka.

Uchunguzi nao usiishie kwenye "fundi awe mwangalifu". Turudi kwenye grenda. Diski ya milimita 230 kwa kawaida imepimwa kuhimili mizunguko kama 6,600 kwa dakika, ilhali grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka kama 11,000. Ukiifunga diski kubwa kwenye grenda ndogo, kwanza haienei ndani ya kinga, ndiyo maana kinga huondolewa. Kisha inazidiwa na mwendo na kupasuka. Sasa uliza kwa nini fundi alichukua diski kubwa. Ukikuta ndogo ziliisha stoo wiki mbili zilizopita, mwenye kurekebishwa ni utaratibu wa kuagiza. Onyo kwa fundi lisingeleta hata diski moja.

Kampuni yetu hutoa bonasi kwa idara inayomaliza miezi mitatu bila ajali. Taarifa zimepungua sana na mkurugenzi anafurahi. Mimi ofisa usalama sina amani.

Una haki ya kukosa amani. Bonasi hiyo inanunua ukimya: aliyejikata atajifunga kitambaa na kuendelea na kazi, maana wenzake kumi watakosa fedha kwa sababu yake.

Mkumbushe mkurugenzi Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta baharini. Tarehe 20 Aprili 2010 wakubwa wa kampuni walikuwa mtamboni, pamoja na mengine kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumkosesha mtu siku ya kazi. Usiku huo gesi ya kisima ililipuka, wakafa watu 11. Hesabu ya majeraha haikuwa na la kusema juu ya shinikizo ndani ya kisima.

Kama ni lazima kutuza, tuzeni idara iliyomaliza marekebisho kwa tarehe iliyoahidi. Na mwambie mkurugenzi mapema kwamba utaratibu ukianza kuaminika, taarifa zitaongezeka ghafla, asije akadhani mambo yameharibika.

Naendesha fokolifti. Nusura nimgonge mwenzangu kwenye kona ya ghala. Nikisema, nitapewa barua ya onyo. Nifanyeje?

Sema, lakini ieleze kona. Andika saa, mwendo wako, mzigo ulikuwa umeinuka kiasi gani mbele ya macho yako, honi ulipiga au hukupiga, na mwenzako alitokea upande upi. Maelezo hayo ndiyo yanayoleta kioo cha kona au njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa. Ukihofia bosi, pitia kwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati ya usalama.

Mabosi nao wasome hapa. Mwaka 1974, marubani wa shirika moja la Marekani walikipita kilima cha Virginia kwa kunusurika, wakiwa wanaelekea kutua. Shirika lao likawaonya marubani wake peke yao. Wiki kadhaa baadaye, tarehe 1 Desemba, ndege ya shirika jingine, TWA, safari namba 514, iligonga kilima hichohicho, wakafa wote 92. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa taarifa za siri, ukakabidhiwa NASA, shirika la Marekani la anga za juu, wala si mamlaka inayowaadhibu marubani. Majina hufutwa, na anayeripoti ndani ya siku 10 kosa lisilo la makusudi, ambalo halikuleta ajali, kwa kawaida huepushwa adhabu. Kiwandani andikeni vivyo hivyo: aliyeteleza na kusema haadhibiwi, aliyefunga swichi ya usalama kwa waya makusudi, hilo ni shauri jingine.

Mafuta yamemwagika sakafuni, hakuna aliyeteleza. Hiyo ni hatari au ni nusura ya ajali?

Ni hatari. Mtu akiteleza akadaka ukuta, ni nusura. Fomu ni ileile. Msibishane jina kabla ya kuweka mchanga, na sili ya pampu inayovuja itazamwe leo.