Wewe wa Probox ya Kondele, Kisumu, mwambie fundi arudishe fyuzi ya ampea 15

Simamisha hiyo kazi saa hii. Umeandika panya wametafuna waya za injini, fundi ameunga zile zinaonekana na teipu, fyuzi ikaungua tena na sasa anataka kuweka ya 30 ndio ishikilie, na unauliza kama 1,500 ni bei poa, dawa gani inafukuza panya, na kama bima inalipa. Hayo yote wachana nayo kwanza. Toa negativu ya betri na spana namba 10, na usiwashe gari tena mpaka mtu afungue hiyo hanesi yote, lile fungu la waya za injini.

Mimi niko Nakuru, Fielder yangu ilikuwa inalala kando ya stoo ya mahindi upande wa Bahati, na vile usiku huku kuna baridi na injini inakaa na joto masaa mengi, panya watakosaje kuingia? Taa ya cheki injini ikawaka, gari ikaanza kukohoa. Fundi ambaye kila mtu aliniambia ndiye mwisho kwa umeme wa magari akachomeka mashine, ikasoma kodi ya hitilafu P0201, akanituma ninunue injekta, kile kitu kinanyunyizia injini petroli. Hiyo kodi inasema tu saketi ya injekta ya silinda ya kwanza iko na shida, na waya ukikatwa italeta hiyo hiyo! Injekta ikabadilishwa, gari bado inakohoa. Sasa ndio akaangalia waya, akasokota, akafunga teipu nyeusi. Fyuzi ikaungua. Akaweka ingine, ikaungua. Akatoa ile ya buluu ya 15 akaweka ya kijani ya 30, akaniambia niende, imeshika.

Skiza hapa vizuri ndugu yangu. Fyuzi iko hapo kulinda waya. Waya uliopimiwa 15 ukiuachilia umeme wa 30 unapata moto ndani ya mpira wake na fyuzi imetulia tu inaangalia. Ikiungua tena baada ya kuunga, inakuambia kuna mahali pengine waya uko uchi unagusa chuma, na kuongeza namba ni kumfunga mbwa mdomo kwa sababu anabweka na mwizi bado yuko ndani ya boma. Kwangu ilikuwa chini ya manifoldi ya hewa, mahali huwezi kuona bila kufungua. Ule waya ukachemka, mpira ukayeyuka, ukashikana na waya wa sensa wenye unafaa kubeba volti 5 peke yake, ukaipelekea 12. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, ikaenda hapo hapo. Na hiyo ni usiku, natoka Mau Summit nateremka kuelekea Salgaa, malori nyuma yangu, injini imezima, usukani umekuwa jiwe, breki inaisha nguvu kila nikikanyaga, na watoto wamelala siti ya nyuma. Mtu akikuambia "ishikilie tu kwanza" fikiria hiyo barabara.

Kontrol boksi ya mitumba nayo si kununua yoyote, namba iliyoandikwa kwa kava lazima ilingane na yako, na gari ikiwa na imobilaiza, ile inazuia injini kuwaka bila ufunguo wake, lazima ufunguo ufundishwe upya. Pesa niliyotoa hapo na kwa bredauni ingefungua hanesi za Probox zote za steji yenu. Na huyo fundi nilipompigia akasema ati gari ilikuwa imezeeka. Nilikasirika na bado nimekasirika, juu anaendelea kufanyia watu hiyo kitu na wanamlipa.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Teipu ya kampuni inatolewa yote, waya unafuatwa mpaka mwisho hata pale hakuna alama ya meno, inapimwa na multimita, si ile testa ya balbu, hiyo inavuta umeme mwingi na kwa waya za kompyuta inaweza kuharibu. Pale pametafunwa anakata mpaka afikie kopa inang'aa, ikiwa nyeusi ama kijani maji yalishaingia na yanatembea ndani ya waya. Anaweka waya wa unene ule ule, anachoma na solda, anavalisha hitishrinki, ule mpira unabana waya ukipata joto, na maungio hayakai mahali pamoja, yanapishana ndio yasigusane. Zile waya mbili zimesokotwa pamoja za kompyuta zibaki zimesokotwa. Teipu nyeusi peke yake kwa joto ya injini gundi inayeyuka inafunguka, na mvua yenu ya Kisumu mnaijua.

Halafu anarudisha fyuzi ya buluu, ile ile 15. Ikiungua hajamaliza, arudi chini ya boneti, na wewe usitoe hata shilingi. Ikishika, kabla umlipe fungua boksi ya fyuzi wewe mwenyewe, chomoa moja moja ulinganishe na namba zimeandikwa kwa kifuniko, na kama kuna mahali amepitisha kipande cha waya badala ya fyuzi, mwambie akitoe ukiwa umesimama hapo.