Operesheni ya fistula ikifeli mara ya kwanza, usikate tamaa

Dada mmoja wa Kahama kaniandikia: katengenezwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo, mpira wa mkojo ukatolewa, baada ya siku chache kalowa tena. Mumewe anasema basi, imetosha.

Haijatosha. Mimi pia yangu ya kwanza ilifeli.

Niliipata kwenye uzazi wa kwanza. Uchungu siku mbili, kichwa kimekwama kwenye nyonga kikabana kibofu mpaka nyama ikafa. Mtoto nilimpoteza. Siku chache baadaye mkojo ukaanza kutoka wenyewe kupitia ukeni, usiku na mchana. Miaka iliyofuata siisimulii.

Hospitali ya kwanza siitaji. Walishona vizuri, ila usiku mpira uliziba, kibofu kikajaa mpaka nalia. Nikaita, nikaambiwa nisubiri daktari. Alfajiri shuka limelowa, nyuzi zimeachia. Hilo linaniuma mpaka leo, maana mpira usiotiririsha unaweza kuharibu kazi yote ya daktari.

Mara ya pili nilikwenda hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Matibabu bure, hata nauli walituma kwa simu. Nilichomwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo nilikuwa nasikia wanavyoongea. Walijaza kibofu maji ya rangi ya bluu waone yanapotokea, kisha wakapitia ukeni: wakatenganisha kibofu na uke, wakashona kila kimoja peke yake bila kuvuta nyama. Kwa kuwa nilikuwa na makovu, walichukua mafuta kwenye shavu la uke wakayaweka katikati kama kiraka. Jirani yangu wa kitanda alipasuliwa tumboni, kwa sababu tundu lake lilikuwa juu, karibu na mirija inayotoka kwenye figo.

Nikapona! Mikononi mwa daktari mzoefu, matundu mengi huziba, kama nane au tisa kati ya kumi, na nafasi ya kwanza ndiyo bora, kwani kila marudio huongeza makovu. Kwa hiyo uliza kabla hujalala kitandani: daktari huyu hufanya fistula kila mara, au leo tu?

Ukishashonwa, mpira ukiwa bado ndani, kunywa maji mengi, mkojo uwe mweupe. Chungulia mfuko wa mkojo kila saa. Ukiona hautiririki, piga kelele, usione aibu. Ukishatiririka, kunywa maji tena. Tundu likiziba lakini ukikohoa mkojo unaponyoka, operesheni haijafeli, ni misuli ya kubana mkojo imelegea, nayo ina mazoezi na tiba yake. Rudi kliniki useme.

Nanyi waume, miezi mitatu mwacheni apone. Mimba ijayo aende kliniki mapema na azalie hospitali kwa upasuaji uliopangwa, asingoje uchungu. Mimi mama mkwe alinitaka nijaribu kawaida, nikakataa mbele ya ukoo mzima. Mwanangu sasa yuko darasa la tatu.