Pikipiki Niliyoshindwa Kuiinua

Swali lenu la wiki hii, "Mtu afikie umri gani ndipo aache kuendesha pikipiki?", nilisomewa na mkwe wangu tukiwa mezani, na kwa namna alivyonitazama alipolimaliza, nilitambua kwamba jibu langu lilikuwa limekwisha kuandaliwa na wenzangu. Ndiyo maana nimeona niandike mwenyewe. Nina umri wa miaka 68. Nilianza na Honda XL 250 ya serikali nilipokuwa mpima ardhi huko Bara, na mwaka 1994 nikanunua BMW R 80 G/S kutoka kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa akimaliza mkataba wake Iringa. Miaka miwili iliyopita niliifunika BMW hiyo turubai, nikaanza kuendesha skuta ya Vespa PX 150 iliyofufuliwa. Kwa hiyo sikuacha, nilihama. Nami nadhani kuhama ndiko kunakowasumbua wazee wengi kabla hawajafika kwenye kuacha.

Asiyeijua G/S ajue kwamba ni pikipiki ya sentimita za ujazo 797, yenye silinda mbili zilizochomoza ubavuni, na uzito wake ikiwa na mafuta ni kilo 186. Nimepanda nayo mlima Kitonga usiku wa mvua nyuma ya malori, na haikuwahi kunitia hofu hata siku moja.

Kilichonihamisha kilitokea Bungi, hapa Unguja, chini ya miembe ya kale ya Bi Khole, binti wa Sultani, siku ya pili baada ya masika kukatika. Nilikuwa nikirudi kutoka Makunduchi kwa dada yangu, mgongo ulikuwa umeanza kuuma, nikasimama kando ya barabara ili ninyooshe miguu. Niliteremsha stendi ya pembeni juu ya majani makavu, wala sikukumbuka kwamba udongo wa chini yake ulikuwa bado laini kama unga uliokandwa. Nikiwa ndiyo kwanza navua kofia, niliona usukani ukigeuka wenyewe taratibu, stendi ikazama, na pikipiki ikalala upande wa kushoto. Ile silinda iliyochomoza ndiyo iliyoizuia isilale kabisa. Niliruka kando, nikafunga koki ya petroli kwa kuwa mafuta yalikuwa yameanza kudondoka kwenye kabureta, kisha nikafanya nilivyozoea kufanya huko Bara: niligeuza usukani hadi mwisho, nikakipa kiti mgongo, nikachuchumaa, nikasukuma kwa nguvu za mapaja. Haikuondoka. Nilipumzika, nikajaribu tena. Iliinuka kiasi cha shubiri moja, viatu vikateleza kwenye majani, ikarudi ilipokuwa. Mara ya tatu haikuinuka hata hiyo shubiri.

Wakatokea vijana wawili waliokuwa wakitoka chuoni, wenye miaka 14 hivi, wamevaa kanzu. Waliniamkia shikamoo, nikawaitikia marahaba huku nikihema, na yule mkubwa akasema, "Babu, wewe kaa pembeni tu." Kwanza waliziweka juzuu zao juu ya mzizi wa mwembe, mahali pakavu, kisha wakapandisha kanzu zao na kuzifunga kiunoni. Mmoja alishika mbele, mwenzake nyuma, nami sikukaa pembeni, nikashika katikati. Pikipiki ilisimama mara moja. Yule mdogo alikwenda kutafuta jiwe bapa akaliweka chini ya stendi, jambo ambalo mimi nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nikawapa cha soda, wakakataa, wakachukua juzuu zao wakaenda zao. Nilikaa pale karibu saa nzima. Sikuwa nimeumia, na pikipiki haikuwa na dosari ila mkwaruzo kwenye kifuniko cha silinda, lakini sikuweza kuacha kufikiri kwamba njia ile ina wapita njia mchana kutwa, na zipo njia nyingi nilizopita maishani ambazo hazina.

Vespa ilikuwa ya marehemu mjomba wangu, na ilikuwa imekaa miaka 11 katika chumba cha nyuma, Mlandege. Hewa ya bahari ilikuwa imekula sakafu yake hadi ardhi ikaonekana, na kwenye Vespa hilo si suala la sura, kwa sababu bodi yake ndiyo chesi yake. Hakuna fremu nyingine ndani. Fundi aliikata sakafu yote akachomelea bati jipya. Alipofungua injini alinipa sili ya zamani, yaani ule mpira unaoziba hewa isipenye, nikaibonyeza kwa kidole, ikavunjika kama biskuti. Sili ya namna hiyo ikivuja, injini ya kuchanganya oili na petroli huvuta hewa iliyozidi, hupata joto, na pistoni hukwama ukiwa barabarani. Kazi ilichukua miezi minne, na sijutii hata mmoja.

Sasa ninaendesha chombo cha kilo zinazokaribia 110, ambacho naweza kukiinua peke yangu. Aliyebuni Vespa ya kwanza, iliyotoka mwaka 1946, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege asiyependa pikipiki. Aliondoa mnyororo, akafunika injini, akaacha nafasi wazi mbele ya kiti. Kwa sababu ya nafasi hiyo nakwenda sala ya Ijumaa nimevaa kanzu yangu bila kuikunja, na majirani zangu wa kike wanapanda zao wakiwa na mabuibui. Kwenye BMW jambo hilo halikuwezekana.

Hata hivyo, nilipoanza kuandika nilikusudia kuwashauri wazee wote wahame kama nilivyohama, na sasa naona ushauri huo hauwafai wote. Gurudumu la inchi 10 huzama katika shimo ambalo gurudumu la mbele la BMW, lenye inchi 21, lingelipita juu juu. Breki za Vespa yangu ni za drami mbele na nyuma. Niliwahi kwenda nayo Makunduchi mara moja tu, na magari ya watalii yaliponipita upepo wake ulinisukuma hadi ukingoni mwa lami. Siku hiyo niliitamani BMW. Hivyo mzee wa Mjini, ambaye safari zake ni soko, msikiti na baraza, na ahame. Lakini anayeishi kando ya barabara kuu ya Bara, penye malori usiku na mchana, siku atakaposhindwa kuinua pikipiki yake naona aache kabisa, apande basi, wala asijidanganye kwa skuta. Mwenye miaka 50 na mgongo mbovu huenda akaifikia siku hiyo kabla ya mwenye miaka 70, nami sidai kuwajua wote.

Mimi nimejiwekea mipaka. Vespa haipiti Bububu upande wa kaskazini wala Mwanakwerekwe upande wa kusini, na haitoki baada ya magharibi. Makunduchi nakwenda kwa daladala namba 310. BMW ingali uani; mwanangu ameniomba mara mbili, nami nimemwambia nitampa ufunguo siku atakapoilaza chini mbele yangu na kuiinua peke yake.

Msomaji wenu,
Unguja