Shangazi, niende Mombasa kisha nirudi Leicester kufunga nyumba?

*Shangazi, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa 9 Leicester, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mwezi wa Julai mama yangu alipata kiharusi huko Likoni. Mkono na mguu wa kulia umelala, na dada yangu anamwangalia peke yake. Mimi na mume wangu, sote Wakenya wenye kibali cha kudumu hapa Uingereza, tumeamua kurudi nyumbani kabisa. Mkataba wake wa kazi unaisha Disemba. Mimi nilipanga kuondoka baada ya wiki 2 na watoto, binti wa miaka 10 na kijana wa miaka 4, wote wamezaliwa huku. Niwaache kwa dada, kisha Oktoba nirudi Leicester wiki 3 nifungashe vyombo na kusafirisha gari letu, Toyota ya 2012. Ndugu zangu wanasema nije leo. Mume anasema nisubiri Disemba twende pamoja. Kila usiku ni ugomvi. Nimsikilize nani? Na friji langu kubwa nilichukue? — Mama Wawili, Agosti 2021*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mama. Sheria na bei ninazokupa hapa ni za Agosti hii ya 2021.

Ndugu zako wamekosea kidogo, mumeo amekosea kidogo, na wewe ndiwe uliyekosea zaidi. Nenda, lakini si baada ya wiki 2, na ukienda usirudi Oktoba. Safari hiyo ya katikati ndiyo itakayowafilisi.

Kenya iko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani nchi zilizowekewa masharti makali zaidi ya korona, tangu tarehe 9 Aprili. Kibali chako kinakuruhusu kuingia, lakini utapelekwa hotelini siku 10, na tangu tarehe 12 mwezi huu gharama ya mtu mzima mmoja ni pauni 2,285. Ukiwa na watoto, binti ataongeza pauni 325, na mdogo hatozwi kwa kuwa hajafika miaka 5. Sasa piga hesabu. Katika wiki 3 zako, siku 10 utakuwa dirishani ukitazama maegesho ya magari. Utabaki na siku 11 za kufunga nyumba ya miaka 9, huku watoto wako Likoni kwa mtu ambaye tayari ameelemewa na mgonjwa. Orodha hukaguliwa kila wiki 3 na huenda Kenya ikatolewa, lakini mipango ya familia haijengwi juu ya huenda. Mumeo naye ajue kwamba akija kuwasalimu Oktoba na kurudi kazini, hoteli ni ile ile.

Kwa hiyo gaweni kazi. Wewe uende katikati ya Septemba na watoto na masanduku. Yeye abaki, afunge nyumba, atume mzigo kwa jina lake, na Disemba aje moja kwa moja.

Nimesema kwa jina lake, na hapo ndipo wengi huumia. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humsamehe ushuru mtu anayehamia nyumbani kwa vyombo vyake vilivyotumika, mradi ameishi nje angalau miaka 2 na katika miaka hiyo hakukaa Kenya jumla ya siku 90 au zaidi. Lakini mzigo unatakiwa ufike ndani ya siku 90 tangu mwenyewe alipofika. Forodha wanaweza kuongeza muda hadi siku 360, ila ni kwa maombi na kwa hiari yao. Ukifika katikati ya Septemba, siku zako 90 zinakwisha katikati ya Disemba, wakati mumeo ndiyo kwanza anafunga makasha. Mzigo kwa jina lako utachelewa, na utalipia ushuru hadi mito ya kulalia. Kwa jina lake, hesabu inaanza siku yeye anapotua.

Hati ya shehena iandikwe jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wenye makontena ya kuchangia hupenda kuandika kila kitu kwa jina la wakala wao. Ni nafuu kweli, lakini msamaha haumfuati wakala. Muulizeni kabla ya kumlipa. Vitu vipya vilivyo bado kwenye maboksi ya dukani, na televisheni 3 za nyumba ya watu 4, vitazua maswali bandarini, maana msamaha si wa biashara. Mwaka huu makontena ni haba na nauli za meli zimepanda vibaya, basi mzigo mwepesi ndio wenye akili. Vitanda na makabati yauzeni huko. Fundi wa Mombasa atawatengenezea vingine.

Gari halitaingia Kenya. Hata mtu anayerudi nyumbani anabanwa na sheria ya miaka 8, na mwaka huu wanapokea magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2014. Gari lenu ni la 2012. Kama kadi iko kwa jina lako, libadilishe liwe la mumeo kabla hujaondoka, aliendeshe kwenda kazini na aliuze Disemba. Usiache chochote Leicester kinachosubiri sahihi yako: mkataba wa nyumba, dipoziti, bili ya umeme, kodi ya baraza la mji. Kama mkataba wa nyumba una majina yenu mawili, mwandikieni mwenye nyumba barua moja mliyotia sahihi wote, aambiwe dipoziti irudi akaunti ya nani.

Wiki hizi 4 zina kazi nyingine. Chanjo ya pili ya korona, kama bado, ipate huko huko na uombe barua ya karatasi ya NHS, huduma ya afya ya huko, usitegemee simu tu. Watoto nao ni Wakenya wa kuzaliwa, kwani Katiba ya 2010 inamhesabu hivyo mtoto wa mzazi Mkenya popote anapozaliwa. Lakini haki hiyo haijiandiki yenyewe. Piga simu leo Ubalozi wa Kenya pale Portland Place, London, uulize nafasi ya kusajili vizazi na kuomba pasipoti. Nafasi zikikosekana wataingia kwa pasipoti za Uingereza kama wageni, na itabidi uhangaike na Uhamiaji Mombasa kabla siku walizopewa hazijaisha. Si mwisho wa dunia, ni foleni tu. Vyeti vya kuzaliwa halisi, kitabu cha chanjo cha mtoto na ripoti za shule zibebe kwenye mkoba wa mkononi.

Binti yako ataingia katikati ya muhula, maana muhula wa kwanza wa mwaka huu ulianza tarehe 26 Julai na unaisha tarehe 1 Oktoba. Mwombee aanze muhula wa pili, tarehe 11 Oktoba, katika Gredi ya 5. Hilo ndilo kundi la kwanza la mtaala mpya, kwa hiyo hata wenzake hawana kaka wa kuwarithisha vitabu. Wiki zile 3 za katikati mpe Kiswahili cha dukani na cha bibi yake.

Kipimo sasa. Kenya inataka PCR, kipimo cha korona cha maabara, iliyochukuliwa ndani ya saa 96 kabla ya safari. Mtoto wa chini ya miaka 5 hahitaji, lakini binti yako anahitaji. Kipimo cha haraka hakikubaliwi, na vipimo vya bure vya NHS si vya safari, itabidi ulipe kliniki ya binafsi. Kinachowaangusha watu si ugonjwa, ni karatasi. Jina halifanani na pasipoti, saa ya kuchukua sampuli haikuandikwa, au sampuli ilitumwa kwa posta ikalala Jumapili nzima. Ukisafiri Jumapili, nenda kliniki mwenyewe Ijumaa asubuhi, palipo na ahadi ya majibu siku ya pili. Majibu yakija, yapandishe kwenye mfumo wa Trusted Travel wa Umoja wa Afrika upate namba yako, kisha jaza fomu ya Jitenge ya Wizara ya Afya ya Kenya. Itakupa msimbo wa QR. Uchapishe kwa karatasi, simu huishiwa na chaji mahali pabaya.

Chukua ndege ya moja kwa moja London hadi Nairobi hata ikizidi bei kidogo. Ukipitia nchi ya tatu unabeba masharti ya nchi 3, na huenda huko wakadai kipimo cha yule mdogo. Kafyu ya Kenya ni saa 4 usiku hadi saa 10 alfajiri. Ndege ikichelewa, tiketi yako ndiyo ruhusa ya njiani, na dereva naye awe na ushahidi kwamba ametoka uwanjani.

Ukifika Likoni, usiende moja kwa moja kitandani kwa mama. Najua ni neno gumu. PCR yako inasema ulikuwa salama siku uliyopimwa, haisemi lolote juu ya foleni ya Heathrow. Lala chumba cha pembeni siku 7, msalimie kwa mbali uani, barakoa usoni, madirisha wazi. Waeleze ndugu zako mapema kwa simu, isije ikasemwa Uingereza imekufundisha kiburi. Siku hizo 7 mpumzishe dada kwa njia nyingine: lipia mtu wa kumgeuza na kumwogesha mama, na umsajili mama NHIF, bima ya afya ya taifa, kama bado, shilingi 500 kwa mwezi. Mwanachama mpya wa hiari husubiri kabla ya kuanza kutumia, basi afadhali dada akaulize wiki hii.

Hukuniuliza kuhusu pensheni, lakini miaka 9 imenishtua. Pensheni ya serikali ya Uingereza haikupi hata senti kama hujafikisha miaka 10 ya michango. Huenda umebakiza mmoja tu! Kwanza jumlisha hati zako za mshahara tangu tarehe 6 Aprili. Ukiwa umepata pauni 6,240 au zaidi kwa mwajiri mmoja, huenda mwaka huu tayari umehesabika. Kama bado, jaza CF83, fomu ya kuchangia kutoka nje, uchangie ukiwa Kenya. Ukipata kazi huku, hata ya kujiajiri, unaweza kukubaliwa daraja la 2 la michango, pauni 3.05 kwa wiki, ambayo haifiki 160 kwa mwaka. Usipofanya kazi ni daraja la 3, pauni 15.40 kwa wiki. Mwajiri akupe P45, hati ya kuacha kazi, nawe utume P85, fomu ya kuhama nchi, kwa watu wa kodi, wanaweza kukurudishia kodi uliyokatwa zaidi. Kibali chako cha kudumu nacho hufa ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Kiandikeni kwenye kalenda, mwamue kwa macho wazi.

Usiku wa leo mwambie mumeo kwamba kuhusu vyombo alikuwa sahihi, maana Disemba na jina lake ndivyo vitakavyowaokoa. Kuhusu mama, wewe ulikuwa sahihi. Naona hapo ugomvi utapungua.

Friji lichukue. Plagi za Kenya ni zile zile za miguu 3 za Uingereza na umeme ni ule ule, utalichomeka ukutani bila adapta. Lisafiri limesimama, tupu na kavu, mlango umeachwa wazi kidogo, na likifika lipumzike siku nzima kabla ya kuliwasha. Nunua na kifaa cha kulilinda, umeme wa Likoni ukikatika na kurudi huja na hasira.