Eti ni katuni tu?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 9. Akitoka madrasa anapitia kibanda cha gemu hapa Ngamiani, shilingi 200 kwa mchezo. Juzi nimemkuta kwenye gemu la San Andreas, anapiga watu risasi huku anacheka. Mwenye kibanda ananiambia, "Mama, hiyo katuni tu." Ni kweli?
Mama Swalehe, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Katuni gani hiyo! Kasha lake la Marekani lina herufi M, yaani miaka 17 na kuendelea. La Ulaya lina 18. Tena mwaka 2005 Wamarekani walilipandisha kwa muda likawa la watu wazima tu, baada ya kugundulika vipande vya ngono vilivyofichwa ndani.

Namba hizo hazipimi ugumu wa mchezo. Zinapima yaliyomo: damu, matusi, kamari. Kwa hiyo usidanganyike kwamba mtoto "analiweza". Hata wangu wa miaka 7 analiweza, na hapo ndipo nilipokoma.

Vibandani kasha hulioni, basi kaa utazame. Mimi nilikaa na kikombe changu cha chai ya tangawizi mpaka ikapoa. Nilichokitazama si bunduki, ni malipo: mpita njia akiuawa, anadondosha pesa, mchezaji anaziokota. Polisi wanamkimbiza, ndiyo, lakini mtoto anaona hiyo ndiyo raha yenyewe.

Gemu la mpira la FIFA kasha lake la Ulaya lina 3, yaani miaka 3 na kuendelea. Mwambie mwenye kibanda mwanao acheze huo, na hizo shilingi 200 mpe huyo mwenye kibanda mkononi.