Barua kwa mwanangu aliye Abu Dhabi

Mwanangu Salim,

Salamu sana. Sisi wazima, miguu tu ndiyo inayonisumbua.

Unauliza kama China na India zitaing'oa Marekani huko Ghuba. Swali zito hilo kwa mtu aliyekuwa karani wa duka. Nimewaambia tangu mko wadogo, nanyi mkinicheka: mtazame mnunuzi. Mnunuzi ndiye bwana.

Ila mwaka 1993, pale dukani Deira, Dubai, mimi mwenyewe sikumtazama. Unaijua ile chupa nyekundu ya chai ambayo mama yako hataki itupwe. Mchina mmoja aliingia dukani na mkoba wa sampuli, tajiri wangu hayupo. Akaifungua ile chupa, akanimiminia mimi kwanza. Chai ya tangu alfajiri, bado inaunguza ulimi. Alikuwa anatafuta wakala, akanitaka mimi. Nikamwambia bidhaa zao za kutupa. Nikacheka, tena mbele ya wateja. Akafunga mkoba wake taratibu, chupa akaiacha mezani. Mwaka ule ule nchi yake ilianza kununua nje mafuta mengi kuliko iliyoyauza, na mimi nilichokiona ni mchuuzi wa chupa.

Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za Kichina, ilipofunguliwa Dubai mwaka 2004, mama yako aliitoa kabatini, akaisugua, akaniwekea mbele bila kusema neno. Nilikunywa.

Na hao Wahindi unaosema "wanaingia", wanaingia wapi? Babu yako alikuwa akirudi na jahazi mfukoni ana rupia. Rupia ya India ilikuwa ndiyo fedha ya sehemu kubwa ya Ghuba hadi 1966, na Oman hadi 1970. Wale ni wenyeji wa soko lile kabla hata mafuta hayajawa na jina.

Machi 2023 Saudia na Iran zilipatanishwa Beijing, nikampigia kelele mama yako aje aone kwenye televisheni: si nilisema? Mnunuzi! Akaniuliza, na manowari za Marekani pale Bahrain zimeondoka? Hazikuondoka. Na dirhamu wanazokulipa wewe, tangu 1997 zimefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja. Sasa bwana gani huyo anayenunua sokoni huku mlango unalindwa na mwingine, na mizani ni ya huyo huyo mwingine? Hapo nanyamaza kidogo. Halafu najijibu: mlinzi naye hulipwa na nani, kama mnunuzi akiacha kuja?

Unataka niseme nani atabaki. Ulimi unaniwasha, wallahi, na jibu ninalo. Lakini hukumu yangu moja niliitoa Deira, na chupa yake iko kabatini.

Mama yako anasema ujifunze Kichina. Mimi sijasema kitu.

Babako