Re: Residensi ya fiziotherapia ya neva Marekani, ni lazima?

Mkuu, umeuliza kama bila residensi (mafunzo ya ubobezi kazini chini ya mlezi) huwezi kufanya mtihani wa ubobezi wa neva huko Marekani. Unaweza. ABPTS, bodi ya huko inayotoa vyeti vya ubobezi wa fiziotherapia, inampokea pia aliyehudumia wagonjwa wa neva saa 2,000 ndani ya miaka 10, ilimradi 500 kati ya hizo ziwe za miaka 3 ya karibuni. Residensi inafupisha njia tu, mara nyingi ni mwaka mmoja hivi.

Ila ningekuwa wewe ningeipigania. Kinachokujenga pale si madarasa, ni zile saa zisizopungua 150 za kulelewa na mbobezi, nyingi zikiwa mbele ya mgonjwa. Unamsimamisha mtu wa kiharusi, goti la kushoto linalegea, umeshalidaka. Mlezi anangoja mgonjwa aketi, kisha anakuuliza: kwa nini goti na si nyonga? Ungemwachia sekunde mbili, asingejishika mwenyewe? Unalala na hilo swali. Kwenye ajira ya kawaida nani ana muda wa kukuhoji hivyo?

Mshahara upo, ingawa kwa kawaida ni mdogo kuliko wa wenzako walioajiriwa.

Kwako uliyesomea Bongo, mlima uko kabla ya hapo: vyeti vikaguliwe, ufaulu NPTE (mtihani wao wa kitaifa wa fiziotherapia), upate leseni ya jimbo. Omba transkripti na maelezo ya kila somo chuoni kwako sasa hivi, maana barua za vyuo vyetu unazijua mwendo wake. Na programu utakayochagua, hakikisha ina ithibati ya ABPTRFE, bodi inayokagua programu za residensi, kabla hujalipa ada ya maombi.